Kichwa cha Gari la Moshi na Mfano Wake

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za vyombo viwili vilivyofanana kwa sura, lakini vimetofautiana kwa kila jambo jingine. Cha kwanza ni kichwa cha gari la moshi kiendacho kwa nguvu za mvuke, chuma kile kizito kilichovuta mabehewa katika nchi zetu kwa miaka mingi. Cha pili ni mfano wake mdogo, ambao mtu aweza kuuweka juu ya meza na kuuzunguka akiutazama.

Mtu wa Mpanda hana haja ya kuambiwa mfano ni nini. Amewaona watoto wakiunda magari kwa mabua ya mtama, kwa waya na kwa makopo matupu, na kuyatia magurudumu ya visoda. Mtoto afanyaye hivyo ana kazi mbili: kwanza kutazama, pili kupima. Akitazama vibaya, gari lake litakuwa na magurudumu mahali pasipostahili. Akipima vibaya, behewa litakuwa kubwa kuliko kichwa kinacholivuta, nao wenzake watamcheka. Kazi hii si mchezo mtupu. Wahandisi walioviunda vichwa vikubwa nao walianza kwa kupima. Ila wao hawakupima kichwa kingine, walipima nchi. Na hili ndilo neno letu la leo: kichwa kikubwa hupimwa kwa nchi, na mfano hupimwa kwa kichwa. Atakaye kuuelewa mfano vema, sharti aijue kwanza nchi iliyokizaa kichwa.

Basi na tuanze na nchi yenyewe. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Upana baina ya reli zake mbili ni mita moja. Mpanda iliachwa mbali, upande wa kusini wa njia hiyo, nyuma ya misitu ya miombo na mbuga za mto Ugalla. Mazao ya nchi ile yalikuwa ni asali na nta na mavuno ya shambani, na vitu hivyo viliweza kuchukuliwa kichwani au kwa gari la barabarani. Lakini katika miaka ya 1930 yaligunduliwa huko madini ya risasi. Risasi tunayoitaja hapa ni ile madini laini, nzito mno, ambayo mtu akiishika kidogo tu mkononi hustaajabu kwa uzito wake. Mzigo wa namna hiyo, ukiwa wa maelfu ya tani, hauchukuliwi kwa lori katika njia ya matope masika na masika. Ulitaka reli.

Ndipo likajengwa tawi la reli kutoka kituo cha Kaliua, magharibi ya Tabora, hata Mpanda, mwendo wa kilomita 210. Tawi hili lilifunguliwa mwaka 1950. Hapo Mpanda, mahali palipokuwa mbali na kila kitu, pakawa na kituo cha mwisho cha reli, na kwa kituo hicho mji ukakua.

Sasa na tuutazame uzito wa reli, maana hapa ndipo penye siri ya habari yetu. Reli ni chuma, na chuma hununuliwa kwa uzito. Njia kuu, ipitayo magari mengi usiku na mchana, hutandikwa reli nene na nzito. Njia ya tawi, ipitayo magari machache, hutandikwa reli nyepesi, ili gharama isizidi faida. Tawi la Mpanda lilikuwa la namna hiyo ya pili. Na reli nyepesi haikubali kila kichwa. Mtu aweza kusema, "Kichwa ni kichwa, kama kimeweza kupita Tabora, kwa nini kisipite Ugalla?" Jibu ni hili. Mtu aliyesimama juu ya tope kwa mguu mmoja huzama. Mtu yule yule akilala juu ya ubao mpana hazami. Uzito wake haukubadilika, bali umegawanywa. Vivyo hivyo wahandisi hawaulizi tu uzito wote wa kichwa. Huuliza uzito unaoikalia kila ekseli, yaani ule mtaimbo mnene wa chuma unaoyaunganisha magurudumu mawili, moja huku na moja huku. Uzito wa ekseli moja ukizidi nguvu za reli, reli hupinda, mataruma hupasuka, na gari huanguka.

Tutoe mfano wa kichwa kikubwa kupita vyote vilivyopata kupita katika reli za mita moja. Ni vile vya aina ya 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, na kuanza kazi katika miaka ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34 jumla yake. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 na magurudumu 28, nacho kilikuwa kama vichwa viwili vilivyopeana migongo, na boila moja kubwa imening'inia katikati. Ekseli zake za kuvuta zilikaliwa na tani 21 kila moja. Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo ya kutisha kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kupanda kutoka pwani hata nyanda za juu. Vichwa hivyo viliitwa kwa majina ya milima, na baadhi ya majina hayo ni ya milima ya Tanzania: Mount Gelai, na Mount Shengena wa Upare. Majina yalikuwa ya kwetu, lakini kama kimoja chao kingaliletwa Kaliua na kuelekezwa Mpanda, reli zingalikunjika chini yake kama mabua.

Basi Shirika la Reli za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Tanganyika na zile za Kenya na Uganda, lilikuwa na haja ya vichwa vya ukubwa wa kadiri, na tena vyepesi, kwa ajili ya njia za matawi. Hawakuanza na karatasi tupu. Kwanza ilikuwapo aina ya 29, iliyoundwa na kampuni ya North British ya Glasgow kuanzia mwaka 1951. Umbo lake lilitokana na vichwa vilivyokuwa vikitumika Nigeria, vilivyoitwa kwa majina ya mito. Vya aina ya 29 vilikuwa 31 jumla yake. Kila kimoja kilikuwa na magurudumu 2 madogo mbele ya kuongoza njia, 8 makubwa katikati ya kuvuta, na 2 madogo nyuma ya kubeba. Kisha ikaja aina ya 30, vichwa 26, kutoka kiwanda kile kile cha Glasgow. Hivi vilipewa magurudumu 4 nyuma badala ya 2, na tenda kubwa zaidi ya kuchukulia maji na mafuta, maana kuna nchi ambako mwendo ni mrefu na visima ni vichache.

Ya tatu ndiyo aina ya 31, ambayo kwayo tumeyaanza mazungumzo haya. Vichwa vyake vilikuwa 46, vilivyopewa namba kuanzia 3101 hata 3146. Viliundwa na kiwanda cha Vulcan Foundry huko Newton-le-Willows, Uingereza, na kuanza kazi katika miaka ya 1955 na 1956. Mpango wa magurudumu yake ulikuwa kama wa aina ya 30, yaani 2 mbele, 8 ya kuvuta, na 4 nyuma. Lakini mwili ulipunguzwa uzito ili kila ekseli ikaliwe na mzigo mdogo. Kwa njia za namna ya Kaliua na Mpanda, zenye reli nyepesi na mwendo mrefu wa msituni, ndiko kulikokusudiwa kazi ya vichwa hivi. Hayo ndiyo maana ya kusema kwamba kichwa hupimwa kwa nchi. Tope la mbuga, uchache wa maji, bei ya chuma, na uchache wa mizigo, vyote viliandikwa katika umbo lake, hata kama mtazamaji havioni.

Na kiwanda chenyewe kina historia. Kilianzishwa mwaka 1830, kando ya reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa mwaka ule ule kuwachukua abiria kwa vichwa vya mvuke. Kwa miaka zaidi ya 120 kiwanda kile kilipeleka vichwa pande nyingi za dunia. Lakini mwaka 1955, vichwa vya aina ya 31 vilipokuwa vikiundwa, kiwanda kilichukuliwa na kampuni ya English Electric, ambayo kazi yake ilikuwa umeme na dizeli. Kwa hiyo vichwa vyetu vilikuwa miongoni mwa vichwa vya mvuke vya mwisho kutoka katika milango ile. Vilizaliwa vipya, katika jamaa iliyokuwa ikielekea kufa.

Labda baadhi ya wanafunzi watauliza, mvuke huvutaje? Tutasema kwa maneno machache. Hapo kale vichwa vingi vya Reli ya Kati vilichoma kuni; vya aina ya 31 vilichoma mafuta mazito. Moto huwaka katika kijumba cha chuma nyuma ya boila. Hewa ya moto hupita katika mirija mingi iliyozungukwa na maji, nayo maji huchemka. Mvuke, usiopata pa kutokea, hujikusanya na kujibana hata ukawa na nguvu nyingi. Dereva akifungua njia, mvuke hukimbilia katika silinda, nao huisukuma pistoni mbele na nyuma. Pistoni huvuta mkono wa chuma, na mkono huzungusha magurudumu. Kila mama ajuaye kupika ameona kifuniko cha sufuria kikiinuliwa na mvuke. Nguvu ni ile ile, ila sufuria ya reli haikubali mvuke upotee bure.

Sasa tuje katika jambo la majina, maana hapa pana neno la kufikiriwa. Vichwa vya aina hizi tatu viliitwa kwa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na majina hayo yaliandikwa juu ya mabamba ya chuma yaliyofungwa ubavuni. Kichwa namba 3020 kiliitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Kichwa namba 3123 kiliitwa Bavuma, kwa jina la watu wa visiwa vya Buvuma katika Ziwa Viktoria. Kichwa namba 2921 kiliitwa Masai of Kenya, kana kwamba mpaka uliochorwa kwa kalamu umewakata Wamasai kuwa vipande. Jina la heshima si jambo dogo. Lakini yatupasa kusema na upande wa pili. Katika miaka ile ya utawala wa kigeni, kabila liliheshimiwa ubavuni mwa kichwa, na mwana wa kabila alikuwa chini, akichochea moto, akitia mafuta, akishindilia kokoto chini ya mataruma katika jua. Kiti cha dereva kilikuwa kwa muda mrefu cha watu waliotoka mbali, na Waafrika walikifikia kwa kuchelewa na kwa madai. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma mgomo mkubwa wa muda mrefu, wakidai ujira na heshima.

Na kuhusu mabamba ya majina tunalo funzo jingine. Aina ya 60, vichwa 29 vya miaka ya 1953 na 1954, viliitwa kwa majina ya magavana. Baadaye mabamba yale ya magavana yakaondolewa. Jina lililofungwa kwa skrubu hufunguliwa kwa skrubu. Jina lililo katika kumbukumbu za watu ndilo gumu kufunguliwa, nalo halitiwi humo na kiwanda.

Tena tazameni jinsi mambo ya dunia yasivyofuata hesabu za wenye hesabu. Tawi la Mpanda lilijengwa kwa ajili ya risasi. Nao mgodi ulikoma kazi mwaka 1960, miaka kumi tu baada ya reli kufunguliwa. Vichwa vya aina ya 31 vilikuwa bado ni vijana. Mtu wa hesabu angaliweza kusema, "Na ing'olewe reli, maana sababu yake imekufa." Lakini njia ilikwisha kupata wenyewe. Wakulima walipakia mahindi, mpunga na tumbaku. Warina asali walipakia asali na nta. Wagonjwa walikwenda Tabora hospitali, na wanafunzi wakaenda shule. Katika miaka ya 1970 kulianzishwa makazi ya wakimbizi wa Burundi huko Katumba, kando ya njia hiyo hiyo, na watu wale wakalima nchi na kupeleka mavuno yao kwa reli. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Reli iliyojengwa kwa ajili ya jiwe ilidumu kwa ajili ya watu.

Vichwa vya mvuke havikudumu hivyo. Dizeli za njia kuu zilianza kuingia katika Reli za Afrika Mashariki mwaka 1960. Dizeli haingoji kuchemka, haina haja ya kusimama kila mara kunywa maji, na watu wachache huitunza. Mwaka 1977 shirika la pamoja lilivunjika, na Tanzania ikaunda Shirika la Reli lake yenyewe. Tabora palikuwa miongoni mwa mahali ambapo mvuke ulionekana mwisho katika nchi hii, hata katika miaka ya 1980. Kisha moto ukazimwa. Vichwa vingi vilikatwa vipande na kuuzwa kuwa chuma chakavu. Atakaye kuviona vilivyosalia na aende Nairobi, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko wapo Nyaturu, Bavuma na Masai of Kenya, na milima miwili, Gelai na Shengena.

Hapa ndipo mfano mdogo unapoingia katika habari yetu. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika soko kuu la Leipzig reli za watoto zilizopangwa kwa upana maalumu, kila upana na namba yake, ili kichwa cha mwaka huu kiweze kupita katika reli ya mwaka uliopita. Mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza magari yake ya moshi ya watoto, katika mji usio mbali na kile kiwanda cha Vulcan. Hata mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ikatoa magari ya mfano yaendayo katika reli zenye upana wa milimita 45. Yalikuwa mifano ya magari ya reli za mita moja, yaliyopunguzwa mara 22 na nusu. Wanafunzi, chukueni karatasi mkagawe: milimita 1,000 kwa 22 na nusu. Mtapata 44 na kitu, karibu sawa na 45. Kwa hiyo upana wa reli ya Mpanda, wenye mita moja, huweza kuwekwa mezani kwa kipimo hicho bila kuupotosha.

Na tuendelee na hesabu, maana ni tamu. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye urefu wa sentimita 170 huwa na sentimita 7 na nusu, kadiri ya kidole kirefu. Njia ya Kaliua mpaka Mpanda, kilomita 210, huwa kilomita 9 na theluthi moja, karibu mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wako mafundi wanaotumia kipimo kidogo zaidi, cha kupunguza mara 87, na reli zao zina upana wa milimita 12. Kwao njia yote ya Mpanda ingalikuwa kilomita 2 na nusu kasoro kidogo. Hata kwa vipimo hivyo hakuna nyumba iwezayo kuilaza njia ile. Ndipo tutambue kazi ya wale walioilaza kweli, taruma baada ya taruma, katika msitu wenye mbung'o na simba.

Uzito nao una ajabu yake. Kitu kikipunguzwa mara 22 na nusu kwa urefu, hupungua vile vile kwa upana na kwa kimo. Kwa hiyo ujazo wake hupungua mara 22 na nusu, na tena mara 22 na nusu, na tena mara 22 na nusu, yaani zaidi ya mara 11,000. Lile jitu la tani 252, likiundwa kwa chuma kile kile kwa kipimo hicho, lingekuwa na uzito wa kilo 22 hivi, mzigo ambao kijana aweza kuubeba begani. Lakini ngozi yake, yaani eneo la nje, hupungua mara 500 na kidogo tu. Basi mfano mdogo una ngozi nyingi kwa ujazo kidogo, na joto hupotea upesi kwa njia ya ngozi. Ndiyo sababu uji wa kikombe hupoa kabla ya uji wa sufuria ya harusi. Kwa hiyo fundi atakaye mfano wake uende kwa mvuke wa kweli hawezi kukipunguza kila kitu sawasawa. Hupunguza idadi ya mirija ya boila na kuiacha iwe minene, maana mirija iliyopunguzwa kwa kipimo halisi isingepitisha moto. Umbo hukubali kupunguzwa, bali moto na maji havikubali.

Na fundi wa mfano huanza na nini? Huanza na michoro ya kiwanda. Kampuni ya North British ilifungwa mwaka 1962, lakini michoro yake mingi imehifadhiwa Glasgow, katika chuo kikuu na kwingineko. Michoro na vitabu vya Beyer, Peacock vimehifadhiwa katika makumbusho ya Manchester. Kwa karatasi hizo mtu aliyezaliwa Ulaya, ambaye hajapata kuuona mto Ugalla, aweza kuketi chumbani mwake na kuunda Nyaturu mdogo, kamili, na bamba la jina lake, bila kukosa hata msumari mmoja. Twamsifu kwa uvumilivu wake. Bila watu wa namna yake, sura za vyombo vingi zingalikuwa zimesahauliwa.

Lakini karatasi za kiwanda zina mambo ya kiwanda tu. Hazina jina la mtu aliyelala macho Kaliua akiuchochea moto ili gari liondoke alfajiri. Hazisemi ni daraja lipi dereva alipunguza mwendo wakati wa masika, wala mlio wa filimbi uliowafanya watu wa vijijini wajue saa bila kuwa na saa. Michoro ya kichwa iko Uingereza. Michoro ya maisha yaliyokizunguka iko vichwani mwa wazee wetu, nayo haina nakala. Mzee mmoja akizikwa, karatasi moja imechomwa.

Basi twawaomba neno moja, hasa ninyi wanafunzi wa Mpanda, Katumba na vituo vyote vya njia ile. Endeleeni kuunda magari yenu ya mabua na makopo, lakini muyaunde kwa kipimo. Chagueni kupunguza mara 50: kitu cha mita 10 kitakuwa sentimita 20. Pimeni kwa kamba jengo la kituo, tangi la maji kama bado lipo, na nguzo zilizofanywa kwa reli kuukuu. Andikeni hesabu zenu katika daftari. Msithubutu kupima juu ya njia yenyewe inayopita magari, wala kucheza hapo, maana gari la reli halipishi mtu. Kisha nendeni kwa wazee waliofanya kazi ya reli, mwasalimu kwa adabu, "Shikamoo babu," mkaulize: ulikuwa ukifanya kazi gani, mwaka gani, na akina nani? Yaandikeni majibu yao pembeni ya vipimo. Mfano utakaoundwa hivyo, hata ukiwa wa makopo, utakuwa na kitu ambacho mfano wa shaba nyeupe wa Ulaya haunacho.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza kwamba atakayejua vimeundwaje, sharti ajue pia vimeundwa kwa ajili ya nchi gani, na kwa mikono ya nani. Vichwa 46 vya aina ya 31 vilipimwa kwa reli nyepesi na nchi kavu, vikafanya kazi, vikazimwa. Kipimo kilichobaki sasa ni chetu sisi.